Siku Friji Lilipopelekwa Kutibiwa Ini

Baba yangu ni fundi wa friji. Mama ni dobi. Karakana ya Baba iko upande wa kushoto wa nyumba yetu, chumba cha pasi cha Mama kiko upande wa kulia. Kwa hiyo nyumbani kwetu kushoto kuna baridi na kulia kuna mvuke. Mimi hukaa katikati wakati wa likizo. Miezi mingine niko shule ya bweni, ambako naamka kwa kengele, nalala kwa kengele, na kuitwa ofisini kwa makosa ambayo mengine ni yangu kweli.

Kila asubuhi Baba hufungua karakana na kumgonga Babu mgongoni.

"Umeamkaje, mzee?"

Babu ni friji. Ndilo friji la kwanza Baba kulitengeneza alipokuwa kijana. Lilikuwa jeupe, sasa ni la njano. Linanguruma, linatetemeka, linavuja maji, lakini linapoza. Watu wametaka kulinunua. Baba huwajibu kwamba mzee hauzwi.

Juu ya meza ya kazi Baba ameandika sheria yake kwa chaki: USIFUNGE SPEA MPYA KABLA HUJAJUA NINI KILIUNGUZA YA ZAMANI.

Mteja mwenye haraka akija, humwonyesha ukuta kwa bisibisi.

"Soma hapo."

"Nimesoma, fundi. Weka tu kompresa mpya niondoke."

"Nikiweka leo, keshokutwa utarudi nayo imeungua. Kwanza nijue iliunguzwa na nini. Ukitaka mtu wa kubandika na kubandua, nenda mtaa wa pili."

Nakuomba, ndugu msomaji, uishike sheria hiyo. Tutaihitaji, na siku hiyo nitakuwa nimekasirika.

Mwanzoni mwa mwaka jana Baba alianza kuvimba miguu. Kisha tumbo likajaa maji mpaka mkanda ukaishiwa matundu. Macho yakawa ya njano. Hospitalini wakampima damu. Wakakuta virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivyo vilikuwa vimekaa mwilini mwake miaka mingi bila kelele, vikiliumiza ini kidogo kidogo. Ini likajaa makovu. Sasa lilikuwa linashindwa kufanya kazi.

Walimpa kidonge cha kubana virusi, cha kunywa kila siku bila kuruka. Walimpa vidonge vya kupunguza maji. Walimwambia chumvi iwe kidogo sana na pombe asiiguse. Wakampa tarehe ya kurudi.

Likizo ilipofika nilitegemea kumkuta na nafuu. Nilimkuta kwenye kiti cha karakana, anakoroga chai kwa bisibisi.

"Baba, hiyo ni bisibisi."

Aliitazama kwa muda. "Kijiko kimekwenda wapi?"

Kisha akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Ijumaa. Baada ya dakika tano akaniuliza tena.

Mimi hucheka hata mkuu wa shule akisoma majina ya waliofeli, na jina langu likiwemo. Siku hiyo sikucheka. Nilikwenda chumba cha pasi.

"Mama, Baba ana nini? Dawa hazifanyi kazi?"

Mama aliinua pasi, akaisimamisha. "Hanywi dawa. Ana wiki tatu."

"Kwa nini?"

Mama akanipa kipeperushi. Kilikuwa na picha ya ini linalong'aa kama gari jipya. Juu yake kumeandikwa: INI JIPYA BILA KISU. SELI SHINA. DRIPU MOJA TU.

"Kuna Kituo kimefunguliwa barabara kuu," Mama akasema. "Mwenye Kituo anaitwa Profesa. Amemwambia baba yako aache dawa za hospitali, eti zitaua seli mpya. Jumatano anatundikiwa dripu."

Nilirudi kwa Baba. Alijua nimekuja kugombana.

"Ni spea, mwanangu," akasema. "Ini langu limeungua. Hospitali wanalibembeleza lile bovu kwa vidonge. Hawa wanafunga jipya. Wewe kama mtoto wa fundi ungenielewa."

Jumamosi nilimsindikiza Kituoni, eti akaandaliwe. Palikuwa na kiyoyozi, viti laini na tangi la samaki. Ukutani kulikuwa na vyeti vitatu, kutoka vyuo vitatu vya nchi tatu.

Hapa lazima nikiri jambo. Mwaka jana niliwahi kuchonga mhuri kutoka kisigino cha kandambili, nikatoa tangazo rasmi la kufuta ukaguzi wa mabweni. Tangazo lilikuwa zuri. Nilikamatwa kwa sababu mhuri wangu ulikosa kipande cha herufi moja, na ulikosa kipande hichohicho kila nilipoupiga. Nilifagia uwanja muhula mzima nikiitafakari herufi ile.

Sasa, mihuri mitatu ya vyuo vitatu ilikosa kipande kimoja, cha herufi moja, mahali pamoja. Kando yake kulikuwa na picha za wagonjwa watatu waliopona. Walikuwa mtu mmoja mwenye mashati matatu. Katika picha ya mwisho alikuwa amevaa miwani.

Nilihisi masikio yanapata moto. Mimi nilidanganya ili watu wasitandike vitanda. Huyu alidanganya watu wenye macho ya njano.

Profesa akaja, koti jeupe, tabasamu pana.

"Mzee wangu, seli hizi zina akili," akamwambia Baba. "Zikiingia kwenye damu zinajua njia. Zinakwenda zenyewe mpaka kwenye ini."

"Zinatoka wapi?" nikauliza.

"Nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya nchi, binti."

"Wangapi wamepona?"

"Asilimia mia moja."

"Hata mtihani wa kuchora shuleni kwetu haujawahi kutoa asilimia mia."

Profesa hakunitazama. Alimshika Baba bega. "Mzee, mtoto huyu ana maswali mengi. Maswali yanachosha ini."

Baba akaniambia nikasubiri nje. Nilitii. Nilitii huku nikisaga meno.

Tulipofika nyumbani nilipanda ngazi mbili mbili hadi kwa jirani wa ghorofa ya juu. Ni muuguzi wa kliniki ya ini katika hospitali kubwa. Mtaa mzima unamwita Bi Chumvi, kwa sababu akikukuta unakula, kabla ya salamu atakuuliza umetia chumvi kiasi gani. Alikuwa anafua. Nilipomweleza, alishuka na povu la sabuni mikononi.

"Shemeji, umeacha dawa?"

"Nimezipumzisha," akasema Baba.

"Na virusi umevipumzisha?"

Baba akaanza kutafuta bisibisi mezani.

"Nitazame. Nyoosha mikono mbele, kama unamzuia mtu." Baba akanyoosha. Viganja vikawa vinadondoka na kuinuka, vinadondoka na kuinuka. Bi Chumvi akavuta pumzi. "Ini likishindwa kusafisha damu, sumu inafika kwenye ubongo. Ndiyo maana mikono yako inapiga hivyo. Ndiyo maana unasahau siku. Shemeji, twende hospitali sasa hivi."

"Jumatano nafungiwa ini jipya."

"Jirani," Mama akauliza, "hizi seli shina ni kitu cha uongo?"

"Ni kitu cha kweli, dada. Hapo ndipo wizi wao ulipo. Wamechukua neno la kweli wakalitia kwenye uongo." Alijifuta mikono kwenye kanga yake, akakaa. "Ndani ya mifupa kuna uboho. Ndani ya uboho kuna seli ambazo hazijachagua kazi. Ni kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Baadaye moja itakuwa seli nyekundu ya damu, nyingine itakuwa askari wa kupigana na maradhi. Hizo ndizo seli shina. Watafiti wanachunguza kama zinaweza kulisaidia ini lililoshindwa."

"Zinasaidia?"

"Kuna wagonjwa walioonekana kupata nafuu kidogo. Kuna ambao hawakupata kitu. Bado hazijathibitishwa kuwa dawa ya ini. Watafiti wenyewe wanasema hivyo, tena bila aibu."

"Basi mtu anayetaka kujaribu afanyeje?" nikauliza.

"Amwulize daktari anayemtibu kama kuna utafiti halali. Utafiti halali una kibali cha kamati ya maadili, na unaweza kwenda kukiulizia huko kilikotoka. Kabla hujasaini unaelezwa madhara yote. Hawakuuzii jaribio. Hawakuambii uache dawa kwa siri. Na hawakuahidi kupona. Wangekuwa wanajua jibu, wangechunguza nini?"

"Na dripu ya Kituoni?"

"Sijui kilichomo, nawe hujui. Huo ndio ubaya wake. Kitu kisichojulikana kikiingia mshipani kinaweza kuleta maambukizi, au kugandisha damu, au kuotesha uvimbe. Au pengine ile chupa ni maji ya chumvi matupu."

"Wewe kila kitu chumvi," akasema Baba. Akafumba macho. "Jirani, nakushukuru. Lakini wewe unatetea hospitali yako."

Bi Chumvi alibembeleza, akakaripia, akabembeleza tena. Mama alilia. Baba hakutoka kwenye kiti. Mtu mzima hawezi kubebwa kama kabati, nami naapa nililipima wazo hilo.

Jumapili asubuhi nilikaa karakanani na kile kipeperushi. Chini yake palikuwa na maneno: TUMA MAELEZO YA MGONJWA KWA SIMU, UPATE JIBU LA PROFESA. Nilimtazama Babu. Babu akatetemeka, akanguruma, akatulia.

Nikaandika. Naapa kila neno lilikuwa la kweli.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Nikamwita Mama. Nikamwita Bi Chumvi. Kisha nikapiga magoti mbele ya kiti cha Baba.

"Baba, kuna mgonjwa nataka umsikilize."

"Mimi si daktari."

"Sikiliza tu. Jina lake Babu. Umri miaka ishirini na sita. Uzito kilo hamsini na nane. Mwili wake ni wa baridi siku zote. Hutetemeka, hunguruma, hutulia, kisha huanza tena. Anavuja maji kwa chini. Rangi yake ilikuwa nyeupe, sasa ni ya njano. Hawezi kuketi. Pombe hanywi, ila huwatunzia wengine."

Baba alikuwa amefumba macho. Maneno yalimtoka polepole. "Mpira wa mlango umechoka. Na tundu la kutolea maji limeziba. Mwambie mwenyewe alizibue kwa waya laini."

Mama alijifunika mdomo kwa mkono. Baba hakukumbuka leo ni siku gani, lakini friji alilitambua.

"Sasa sikiliza alivyojibu Profesa," nikasema. Nikasoma: "Tumepitia vipimo vya Babu kwa makini. Ini lake limeharibika kwa asilimia themanini. Tunafurahi kukujulisha kwamba anafaa kwa seli shina. Aache dawa zote. Aletwe Jumatano saa tatu, asile kitu."

Babu alinguruma pembeni.

Baba akafumbua macho. Alinitazama mimi, akaitazama simu, akamtazama Babu.

"Babu ana ini?"

"Lenye asilimia ishirini tu, Baba."

Alicheka akishika tumbo, maana kucheka kulimuuma. Kisha kicheko kikakatika. Alikuwa anatazama ukutani. Alisoma sheria yake kwa sauti, neno moja moja, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Usifunge... spea mpya... kabla hujajua... nini kiliunguza... ya zamani." Akamgeukia Bi Chumvi. "Jirani, langu liliunguzwa na nini?"

"Virusi, shemeji."

"Bado vimo?"

"Vimo. Dawa ndiyo ilikuwa inavibana. Umeviachia wiki tatu."

"Kwa hiyo hata wangekuwa na ini jipya la kweli, wakalifunga leo..."

"Lingeungua na hilo."

Baba alipiga ngumi kwenye mkono wa kiti. Ilikuwa ngumi dhaifu, lakini ilikuwa ya kwake. "Nimefukuza wateja wangapi kwa sheria hii? Halafu mimi mwenyewe naingia mtaa wa pili." Akanyoosha mguu uliovimba. "Viatu vyangu viko wapi?"

Alilazwa siku hiyohiyo. Daktari alimtoa maji tumboni kwa sindano maalumu, tena kwa utaratibu. Alipewa dawa ya maji, tamu sana, ya kumfanya aende choo mara kwa mara ili sumu ipungue mwilini. Kidonge cha virusi kikaanza upya. Daktari alituita nje.

"Kuacha dawa hii ghafla huviamsha virusi kwa nguvu," akasema. "Angekaa hivi mpaka Jumatano, huenda msingeweza kumwamsha."

Huenda msingeweza kumwamsha. Ndiyo sababu sitaki mtu aniambie kwamba Profesa alikuwa anatafuta riziki.

Jumatano saa tatu kasoro robo, Mama alizima pasi. Mama yangu ni mtu mpole. Akigongwa na mlango huuomba radhi. Asubuhi ile alikodi mkokoteni, akamfunga Babu kwa kamba mbili, akamfunika kwa shuka safi iliyopigwa pasi.

"Mgonjwa hatoki nje bila shuka," akasema.

Tuliingia Kituoni, mimi nasukuma, Mama anavuta. Watu sita walikuwa wanasubiri. Wote macho yao ni ya njano. Mama akaenda hadi mezani.

"Nimemleta Babu. Ana miadi ya saa tatu. Hajala kitu."

Msichana wa mapokezi alitafuta kwenye daftari. "Babu, ndiyo, yumo. Yuko wapi?"

Mama akafunua shuka.

Tone moja la maji lilidondoka sakafuni. Profesa alitoka chumba cha ndani kuona kuna nini.

"Huu ni utani gani?"

"Sijatania," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuuliza nani ameacha noti mfukoni mwa suruali. "Umeandika umepitia vipimo vyake. Naomba nivione. Maana mume wangu naye ulisema umepitia vipimo vyake, ukamwachisha dawa. Sasa yuko wodini. Nionyeshe vipimo vya friji, nikuamini na vya mume wangu."

"Mama, toka na takataka hii."

Mama alimsogelea, akashika ukosi wa lile koti kwa vidole viwili. "Mimi nafua makoti ya madaktari. Koti la daktari lina wino mfukoni na jasho shingoni. Hili bado lina mikunjo ya dukani. Halijafanya kazi hata siku moja."

Mzee mmoja aliyeshika faili alinivuta mkono. "Binti, nami walinambia niache dawa. Nina siku nane. Nifanye nini?"

Nilikuwa nimeandaa utani mzuri kwa ajili ya asubuhi ile. Wote ulinitoka kichwani. Nilimwandikia jina la kliniki ya Bi Chumvi kwenye kipeperushi cha Kituo, juu ya lile ini linalong'aa. "Nenda leo, mzee wangu. Waambie dawa gani na siku ngapi. Usione haya, hawatakugombeza." Hapo nilidanganya kidogo. Bi Chumvi hugombeza. Lakini hugombeza huku anakutafutia kitanda.

Wanne kati ya sita walitoka nasi.

Bi Chumvi alikuwa tayari amepeleka taarifa kwa wasimamizi wa madaktari, pamoja na lile jibu la Profesa kuhusu Babu. Wakaguzi walikuja wiki iliyofuata. Chupa za seli shina zilikutwa na maji ya chumvi. Profesa alipelekwa mahakamani, na kesi bado inasikilizwa. Hajaomba radhi kwa mtu yeyote. Hilo bado linaniunguza, nami siandiki hapa kwamba nimesamehe.

Sisi pia tulipimwa, kwa sababu virusi hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Havipiti kwa kula pamoja wala kushikana mikono. Mama hakuwa navyo. Akaanza chanjo. Mimi nilikuwa nimechanjwa utotoni, na kipimo kikaonyesha kinga yangu bado ipo. Wembe na mswaki wa Baba vikawekewa kikombe chake, maana huweza kubaki na damu.

Imepita miezi minane. Macho ya Baba ni meupe. Mkanda umerudi kwenye tundu la tatu. Hajapona kabisa, na daktari hakumdanganya. Makovu yapo, kidonge ni cha kila siku, na hali ikibadilika daktari atazungumza naye habari ya kupandikizwa ini hospitalini. Lakini anasimama mezani mpaka adhuhuri, na anajua leo ni siku gani, pamoja na siku ambayo mimi natakiwa kurudi shule.

Lile jibu la Profesa nimelichapisha. Limebandikwa mlangoni pa Babu.

Juzi alikuja mteja mmoja, mwanamke, kufuata friji lake. Alisoma karatasi ile akacheka mpaka akakaa. Kisha akaacha kucheka.

"Fundi, hizi seli shina ndizo zile wanazotangaza sokoni? Kaka yangu amechukua tarehe."

Baba aliweka koleo chini. "Ana ugonjwa wa ini?"

"Mwaka wa pili."

"Dawa za hospitali anakunywa?"

"Walimwambia aache. Ameacha tangu juzi."

Baba akafuta mikono kwenye tambara. Akazima taa ya meza. Ilikuwa saa nne asubuhi, na kwa miaka yote niliyoishi sijawahi kumwona akifunga karakana saa nne asubuhi. Akamgonga Babu mgongoni, akachukua kofia.

"Anakaa wapi?" akauliza. "Twende."